MDUDU KATIKA MTAMBO
Historia ya neno moja la Kiingereza

(Somo la radio kwa madarasa ya watu wazima. Mwenye kuongoza darasa na alisome kwa sauti, polepole. Maswali yako mwisho wa somo.)

Katika somo la leo tutafuata safari ya neno moja tu, tangu lilipoanza kutumika mpaka lilipofikishwa mbele ya mahakama. Neno hilo ni la Kiingereza, nalo ni fupi, lina herufi tatu: "bug". Husomwa "bag". Mwalimu na aliandike ubaoni. Maana yake ya kila siku ni mdudu. Lakini mafundi wa mitambo, na hasa watu wa kompyuta, hulitumia kwa maana ya kosa lililojificha ndani ya mtambo, likaufanya utoe majibu yasiyo sahihi au usimame kabisa.

Pengine utauliza: neno hili la kigeni lanihusu nini mimi, ninayejifunza kusoma na kuandika Kiswahili? Lakuhusu sana. Siku hizi fedha ulizoweka katika simu, hesabu yako ya benki na jina lako katika orodha nyingi za serikali hutunzwa na kompyuta. Siku moja karani aweza kukutazama na kukuambia, "Mtambo unasema unadaiwa." Siku hiyo ni vizuri uwe unajua kwamba mtambo huweza kukosea, na kwamba kosa la mtambo lina mwenyewe.

Hata katika Kiswahili tunayo majina mengi ya makosa, na kila jina lina uzito wake. Tukisema "kosa", mara moja tunatafuta aliyekosa. Tukisema "hitilafu", hatumtafuti mtu. Jambo limetokea tu. Tukisema "kasoro", tunaona kwamba kitu hakikukamilika. Wazee wetu walilijua jambo hili walipotuachia methali: ukipenda, chongo huita kengeza. Mwenye chongo jicho lake moja limepofuka. Mwenye kengeza anaona, ila macho yake hayalingani. Mpenzi huchagua jina jepesi ili ubaya upungue. Weka methali hiyo akilini, tutairudia.

Sasa tuanze safari yetu.

HOFU YA USIKU

Hapo zamani neno "bug" halikuwa na maana ya mdudu. Lilikuwa na maana ya kitu cha kutisha, zimwi au kinyamkera, kile ambacho mama humtajia mtoto asiyetaka kulala. Mwaka 1535 mtu mmoja jina lake Miles Coverdale alichapisha Biblia nzima kwa lugha ya Kiingereza. Katika Zaburi inayotaja hofu ya usiku, yeye alilitumia neno hili. Kwa hiyo Waingereza wa siku hizo waliposikia "bug", walifikiri juu ya kitu kisichoonekana kinachozunguka gizani.

Baadaye, katika karne ya 17, neno hilo likaanza kutumika kwa wadudu, na hasa kwa mdudu mmoja ambaye hata sisi twamjua sana: kunguni. Huyu naye hutoka usiku, humwoni akija, na asubuhi unaona alama zake tu. Sisi tuna methali yake: kikulacho ki nguoni mwako. Nasi pia hutumia neno mdudu kwa ubaya tusiouona vizuri. Kidole kikivimba na kutunga usaha, watu husema mtu huyo ana mdudu wa kidole, wala hapana mdudu aliyeonekana. Basi si ajabu kwamba mafundi wa ng'ambo, walipokutana na ubaya uliojificha ndani ya mashine, waliuita mdudu.

FUNDI EDISON

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Thomas Edison, Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1847, akafa mwaka 1931. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kupeleka habari kwa simu ya waya, ile iliyogonga alama badala ya kusema kwa sauti. Baadaye alikuwa na karakana yake mahali paitwapo Menlo Park, katika jimbo la New Jersey. Hapo ndipo alipotengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, na taa ya umeme mwaka 1879.

Mwezi wa Novemba mwaka 1878 Edison alimwandikia barua mwenzake, Theodore Puskas, akamweleza jinsi kazi ya uvumbuzi inavyokwenda. Alisema kwamba kwanza huja wazo, nalo huja ghafula. Halafu shida huanza. Kitu hiki hakifanyi kazi, na kile hakifanyi. Hapo ndipo makosa madogo madogo hujionyesha, na mafundi huyaita kwa jina hili la wadudu. Inabidi kuyaangalia, kuyachunguza na kuyafanyia kazi kwa miezi mingi kabla ya kujua kama kitu kitafaa au hakitafaa.

Angalia vizuri, ndugu msomaji, namna Edison alivyolitumia neno lenyewe. Hakulitumia kwa kujitetea. Mashine ilikuwa yake, makosa yalikuwa yake, na kazi ya kuyatafuta ilikuwa yake pia. Kwa fundi huyo, kusema mtambo una mdudu kulikuwa na maana ya kusema, "Kazi yangu haijaisha." Katika mwaka wa 1889 gazeti moja la London liliandika kwamba Edison amekesha usiku mbili akitafuta mdudu katika mashine yake ya kunasa sauti.

Basi neno likaenea kwa mafundi wa umeme, wa simu na wa ndege. Kufikia mwaka 1945 wahandisi wa ndege wa Uingereza walikuwa hata na neno la "kuondoa wadudu" katika injini mpya, yaani kuijaribu na kuirekebisha mpaka itengemae.

NONDO WA MWAKA 1947

Sasa tufike penye hadithi ambayo watu wengi huisimulia, na wengi huikosea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Chuo Kikuu cha Harvard katika Marekani kilikuwa kikijenga mtambo mkubwa wa kufanyia hesabu kwa ajili ya jeshi la majini. Uliitwa Mark II. Usiufikirie kama kompyuta ndogo za leo unazoziona mezani. Ulijaa chumba. Ndani yake mlikuwa na maelfu ya swichi, na kila swichi ilivutwa na sumaku ya umeme, ikifunga na kufungua kama mlango. Swichi ikifunga, umeme hupita. Ikifunguka, umeme hukatika. Kwa kufunga na kufungua huko mtambo ulijumlisha, ukatoa, ukazidisha na kugawanya.

Tarehe 9 Septemba 1947 mtambo ulikosea. Mafundi wakatafuta mpaka wakafika kwenye swichi namba 70, katika ubao wa herufi F. Humo wakamkuta nondo, yule mdudu mwenye mbawa anayependa kuizunguka taa usiku. Alikuwa amekwama ndani ya swichi. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi katika daftari la kazi, wakaandika saa, 9.45 alasiri kwa saa zetu, na chini yake wakaandika kwamba hii ni mara ya kwanza mdudu wa kweli kupatikana. Daftari hilo limehifadhiwa na Jumba la Makumbusho la Historia ya Marekani mjini Washington, na nondo mwenyewe angali amebandikwa.

Miongoni mwa wasomi waliofanya kazi katika idara hiyo alikuwa bibi mmoja hodari sana, Grace Hopper. Alizaliwa mwaka 1906, akapata shahada ya udaktari wa hesabu mwaka 1934, akajiunga na jeshi la majini wakati wa vita. Mwaka 1952 alitengeneza programu iliyogeuza maagizo ya mtu kuwa namba ambazo mtambo huzifuata. Alistaafu mwaka 1986 akiwa na cheo cha amiri. Bibi Hopper alipenda kuisimulia hadithi ya nondo katika mihadhara yake, na kwa sababu hiyo watu wengi wakadhani kwamba yeye ndiye aliyemkuta nondo, na kwamba neno hilo lilianza siku ile.

Lakini soma tena maneno ya daftari: mdudu wa kweli. Mafundi walikuwa wanatania. Utani huo usingekuwa na maana kama neno halikuwako tayari. Fanya hesabu: toa 1878 katika 1947. Jibu ni miaka 69. Barua ya Edison ilikuwa imekaribia kutimiza miaka 69 siku nondo alipobandikwa. Hili ni funzo kwa kila msomaji wa historia. Hadithi tamu isikuzuie kuuliza tarehe.

JE, MDUDU ALIINGIA?

Nondo wa Harvard aliingia mwenyewe kutoka nje. Hakuna mtu aliyemweka. Lakini makosa mengi ya kompyuta si ya namna hiyo.

Kompyuta hufanya kazi kwa programu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, moja baada ya jingine. Kompyuta ni kama mtoto mtiifu kupita kiasi, unayemtuma dukani. Atafanya lile uliloliandika, hata kama silo ulilolikusudia.

Chukua mfano. Zamani nafasi ya kuweka kumbukumbu katika kompyuta ilikuwa ghali sana. Kwa kubana nafasi, waandishi wengi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili badala ya nne. Mwaka 1965 ukaandikwa 65. Kama mtu alizaliwa mwaka 65, na sasa ni mwaka 99, mtambo hutoa 65 katika 99, nao hupata miaka 34. Ni sawa. Lakini mwaka 2000 ulipokaribia watu walishtuka. Mwaka 2000 ungeandikwa 00, na kompyuta ingejaribu kutoa 65 katika sifuri. Mtu mzima wa miaka 35 angehesabiwa kana kwamba hajazaliwa! Ikawa lazima programu nyingi sana duniani zipekuliwe na kurekebishwa kabla ya mwaka huo kuingia, kazi iliyogharimu fedha nyingi.

Je, hapo kuna mdudu aliyeingia? Hapana. Kila tarakimu iliandikwa na mkono wa mtu.

Ndiyo sababu mtaalamu mmoja Mholanzi, Edsger Dijkstra, aliyefundisha elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Texas, alilipinga neno hili waziwazi mwaka 1988. Alitaka watu waache kusema mdudu, waseme kosa. Alieleza kwamba jina la mdudu linamfanya mwandishi wa programu aonekane kama mtu aliyeingiliwa na kijidudu alipokuwa amegeuka upande mwingine, hali kosa amelitia mwenyewe. Kwa maneno yetu tungesema kwamba Dijkstra aliwakataza wenzake kuita chongo kengeza.

NENO MBELE YA MAHAKAMA

Labda utasema kwamba huo ni ubishi wa wasomi tu. Basi sikiliza yaliyotokea Uingereza.

Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza liliweka katika posta zake kompyuta zenye programu iitwayo Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Posta nyingi za nchi hiyo ni ndogo, ziko vijijini na mitaani, mara nyingi ndani ya duka, na msimamizi wake ni mtu wa kawaida aliyefanya mkataba na Shirika. Kila jioni msimamizi huhesabu fedha alizo nazo na kulinganisha na hesabu ya kompyuta.

Wasimamizi wengi wakaanza kuona ajabu. Kompyuta ilisema fedha zimepungua, nao walijua hawakuchukua hata senti. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Mkataba uliwataka walipe upungufu. Wengine waliuza nyumba, wengine waliingia madeni kwa jamaa zao. Wengi wa waliopelekwa mahakamani walishindwa, kwa kuwa mahakama za huko zilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe sivyo. Na mwenye duka kijijini ataonyeshaje, naye hawezi kuona ndani ya programu?

Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kuwa wezi au wadanganyifu. Mama mmoja alifungwa mwaka 2010 akiwa mja mzito. Wapo waliofilisika, na wapo waliokufa kabla ya majina yao kusafishwa.

Lakini yuko msimamizi mmoja aliyekataa. Jina lake Alan Bates, wa mji wa Llandudno katika Wales. Yeye alikuwa akiweka karatasi zake vizuri, akaandika barua, akauliza. Mwaka 2003 Shirika likauvunja mkataba wake. Hakunyamaza. Aliwatafuta wengine waliopatwa, na mwaka 2009 wakakutana katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Hapo kila mmoja alisikia kwa mwenzake habari ile ile iliyompata yeye. Kumbe hawakuwa peke yao!

Sasa tulirudie neno letu. Mwaka 2013, wachunguzi walipokuwa karibu kutoa taarifa yao juu ya Horizon, mkuu wa Shirika la Posta, Paula Vennells, alitafuta neno lisilowashtua watu la kutumia mahali pa "bug". Mumewe alimshauri maneno mawili, ambayo kwa Kiswahili tungesema "jambo la pekee" au "jambo lisilo la kawaida". Barua hizo zilionyeshwa hadharani mbele ya tume ya uchunguzi mwaka 2024.

Fikiri kidogo juu ya hayo. Neno ambalo Dijkstra aliliona jepesi mno, kwa wakuu wa Posta lilikuwa zito mno. Yeye alitaka chongo kiitwe chongo. Wao hata kengeza waliona ni tusi! Na wakati huo wenye maduka waliokuwa wamehukumiwa bado walikuwa wakiitwa wezi, wala hakuna aliyewatafutia neno jepesi.

Bates na wenzake, jumla yao watu 555, wakalishitaki Shirika. Desemba mwaka 2019 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Horizon ilikuwa na makosa yaliyoweza kuonyesha upungufu wa fedha usiokuwako. Katika hukumu yake hakukwepa. Alilitaja neno "bug" waziwazi, pamoja na maneno ya kosa na kasoro. Aprili mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kufuta mamia ya nyingine.

TUJIFUNZE NINI?

Neno "bug" lenyewe halina hatia. Edison alilitumia akakesha usiku kucha kulitafuta kosa lake. Mafundi wa Harvard walilitumia wakaandika tarehe, saa na namba ya swichi. Hao walitaja kosa ili walitoe. Neno huwa baya pale mtu anapolitumia ili asiulizwe, ama akalibadilisha ili kosa lisionekane kabisa.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, ukiambiwa kwamba mtambo umesema hivi au vile, usigombane na karani. Pengine naye hajui. Muulize kwa adabu maswali matatu. La kwanza: kosa hili ni kosa gani hasa, limetokea tarehe ngapi na ni shilingi ngapi? La pili: ni nani mwenye kazi ya kulichunguza? La tatu: je, wako wengine waliopatwa na jambo kama hili? Andika majibu katika daftari lako, weka na risiti zako. Nawe sasa unajua kuandika. Alan Bates hakuwa na silaha nyingine wakati alipoanza ila karatasi zake.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Neno "bug" lilikuwa na maana gani katika mwaka wa 1535?
2. Kwa nini maneno yaliyoandikwa chini ya nondo yanaonyesha kwamba neno hilo lilikuwako kabla ya mwaka 1947?
3. Mtu amezaliwa mwaka 1972. Kompyuta inayoandika miaka kwa tarakimu mbili itakosea namna gani kuhesabu umri wake katika mwaka wa 2000?
4. Eleza tofauti ya "kosa", "hitilafu" na "kasoro". Toa mfano mmoja wa kila neno kutoka kazi yako mwenyewe.
5. Jadilianeni: katika ushirika wenu, au katika duka mnalonunua, kosa la hesabu likitokea huitwa jina gani? Je, jina hilo linasaidia kosa lipatikane, au linalificha?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.